Mti ni Wako, Msumeno Una Masharti: Mwongozo Kamili wa Kutunza Miti Mikubwa Inayolindwa Uani Kwako England

Ukinunua nyumba England yenye mwaloni mnene nyuma ya uani, huenda umenunua pia kizuizi: hutagusa msumeno mpaka kaunsili, yaani serikali ya mtaa, ikubali kwa maandishi. Wenzetu wengi hulijua hili siku fundi ameshaegemeza ngazi. Kwetu mwembe ukizidi kivuli anaitwa kijana mwenye panga, na jioni kuni zimeshagawanywa, ingawa hata huko mninga na mpingo havikatwi bila kibali. Huku kibali kinaweza kuhitajika kwa mti wowote, hata wa kawaida kabisa, ilimradi wapita njia wanaufaidi.

Kuna jambo moja la kushika kabla ya kuendelea. Ulinzi wa kaunsili hauuondoi mti mikononi mwako. Tawi likimvunja mguu mgeni wako au mpita njia, atakayeandikiwa barua na wakili ni wewe. Una wajibu wa kuutunza mti usimdhuru mtu, lakini huna uhuru wa kuukata utakavyo. Kinachokuokoa katikati ya hayo mawili ni karatasi: picha, vipimo, barua pepe, ripoti. Karibu kila hatua hapa chini ni namna ya kuhakikisha karatasi inatangulia na msumeno unafuata.

Ninayoyaeleza ni ya England. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zake.

Hatua ya 1: Jua kama mti unalindwa, na kwa njia ipi

Njia kuu ni amri ya kuhifadhi miti, ambayo kila mtu huiita TPO. Msingi wake ni sheria ya mipango miji ya mwaka 1990 pamoja na kanuni za mwaka 2012. Haichagui aina ya mti wala haina kipimo cha chini cha unene. Kila TPO ina ramani na jedwali, na miti hupewa herufi: T ni mti mmoja mmoja, G ni kundi, A ni eneo zima, W ni msitu. Usizipuuze herufi hizi. Chini ya A, miti inayolindwa ni ile tu iliyokuwapo siku amri ilipotolewa, kwa hiyo mti uliojiotea miaka ishirini baada ya amri haumo, ila uwe na cha kuonyesha kuthibitisha umri wake. Chini ya W hata mche uliochipuka mwaka jana umo.

Njia ya pili ni kuishi ndani ya eneo la hifadhi, yaani mtaa ambao kaunsili imeutangaza kuwa na sura ya kihistoria inayopaswa kulindwa. Humo mti wowote wenye kipenyo kinachozidi milimita 75, ukipima mita 1.5 kutoka ardhini, unahitaji taarifa ya wiki 6 kwa kaunsili kabla ya kuguswa. Chukua utepe wa fundi cherehani uuzungushe kwenye shina: ukipata mzingo wa sentimita 24 au zaidi, umeshaingia.

Ya tatu husahauliwa na wanaonunua nyumba mpya: masharti ya kibali cha ujenzi. Kibali cha mjenzi kinaweza kuamuru miti fulani ibaki, na sharti hilo likakufuata wewe mnunuzi. Omba nakala ya kibali usome masharti yake.

Kujua yote haya hakuna gharama kubwa. Kaunsili nyingi zina ramani mtandaoni, lakini usiishie hapo kwa sababu ramani huchelewa kusasishwa. Mwandikie afisa miti wa kaunsili barua pepe yenye anwani yako na mchoro wa mahali mti ulipo, uulize kama una TPO na kama uko katika eneo la hifadhi, kisha hifadhi jibu. Kama nyumba umeinunua karibuni, angalia pia majibu ya utafutaji wa kumbukumbu za nyumba aliyoyapata wakili wako, maana TPO husajiliwa kama mzigo wa ardhi (sharti linaloifunga ardhi yenyewe) na hutokea kwenye karatasi hizo.

Na usidhani kwamba kilichokuwa huru jana kitakuwa huru leo. Kaunsili ikisikia mti mzuri unataka kukatwa inaweza kutoa TPO ya muda inayoanza kufanya kazi papo hapo na kudumu hadi miezi 6 ikisubiri kuthibitishwa. Ukiletewa hati hiyo una siku zisizopungua 28 za kupinga au kutoa maoni. Mwaka 2025 huko Enfield, kaskazini mwa London, mwaloni wa kale ulikatwa sana na kuzua hasira nchi nzima, na TPO ikatolewa baada ya matawi kuwa chini.

Hatua ya 2: Elewa kinachokatazwa

Watu hudhani kosa ni kuangusha mti. Sheria inakataza pia kupunguza kilele, kukata matawi, kung'oa, kuuharibu kwa makusudi, na kukata mizizi. Kumwaga zege juu ya mizizi, kumwagia sumu, au kuzungushia shina minyororo mpaka gome likatike, vyote ni uharibifu.

Kuua mti wenye TPO adhabu yake ni faini isiyo na kikomo, na mahakama huangalia umenufaika kiasi gani. Huko Poole mwaka 2012 mwenye nyumba aliyekatisha mti uliolindwa wa jirani, mti uliokuwa unamzibia mandhari, alijikuta analipa zaidi ya pauni 100,000, sehemu yake ikiwa ni thamani iliyoongezeka kwenye nyumba yake. Makosa madogo, kama kupogoa bila ruhusa, hufikia pauni 2,500. Kusema "sikujua una TPO" si utetezi. Fundi aliyekata naye hushtakiwa, ndiyo maana fundi makini atakuuliza kuhusu TPO kabla hajataja bei. Asiyeuliza, mwache aende.

Kuna mtego hapa unaowanasa hasa wanaotaka kujenga. England inakuruhusu kujenga baadhi ya vitu bila kuomba kibali: banda la uani, chumba cha nyuma cha kiasi, sehemu ya kuegesha gari. Ruhusa hiyo ya jumla haivunji TPO. Ni kibali kamili cha ujenzi tu, kilichopitia maombi yenye michoro, kinachoweza kukupa haki ya kukata mti pale ulipo lazima ukatwe ili ujenzi ufanyike. Ukichimba msingi wa banda halali ukakata mizizi ya mwaloni wenye TPO, banda ni halali na wewe una kesi.

Hatua ya 3: Ukague mwenyewe, uandike

Zunguka mti mara mbili kwa mwaka, mara moja ukiwa na majani na mara moja ukiwa mtupu, na tena baada ya kila dhoruba kubwa. Piga picha kutoka sehemu zilezile kila mara. Picha za miaka mitatu zilizopigwa pembe moja humshawishi afisa kuliko maelezo marefu.

Anza chini. Je, udongo umepasuka au kuinuka upande mmoja wa shina? Hiyo ni dalili kwamba mti unaanza kung'oka, na si jambo la kusubiri Jumatatu. Kuna uyoga au kuvu ngumu kama rafu iliyoota kwenye kitako au juu ya mizizi? Usiing'oe. Ipige picha kwanza, karibu na kwa mbali, kwa sababu aina ya kuvu ndiyo humwambia mtaalamu kama mti umeoza ndani na kwa kasi gani. Mti wenye majani mabichi kabisa unaweza kuwa umeoza kitako. Uzima wa majani na nguvu ya shina ni mambo mawili tofauti.

Panda na macho. Gonga shina kwa nyundo ya mpira usikilize pale mlio unapobadilika kuwa wa debe tupu. Tazama panda, mahali shina linapogawanyika mara mbili: zenye umbo la U kwa kawaida ni imara, zenye umbo la V lililobana gome katikati ndizo hupasuka. Kisha kilele: majani yamepungua kuliko mwaka jana? Ncha zimekauka? Kuna tawi lililovunjika likaning'inia?

Kama mti wako ni wa eshi (ash kwa Kiingereza), uangalie kwa jicho kali zaidi. Ugonjwa wa kuvu unaoua miti hiyo ulionekana Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 2012 na umeenea karibu kila mahali. Mti ulioathirika hugeuka mkavu wenye kuvunjika ghafla, na mafundi wengi hukataa kuupanda ukishafika mbali. Watahitaji mashine ya kuinua, na bei huongezeka. Ukiwa na mwaloni London au kandokando yake, jihadhari na viwavi wanaotembea kwa msururu na kujenga viota vya utando mweupe kwenye shina. Nywele zao huwasha ngozi na kuumiza pumzi. Usiwaguse wala kuwamwagia maji. Toa taarifa kwa Forestry Commission, idara ya serikali ya misitu.

Andika mzingo wa shina kwa urefu wa mita 1.5. Ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Utakihitaji mbele.

Hatua ya 4: Tafuta watu wawili, si mmoja

Fundi wa kukata na mtaalamu wa kushauri ni kazi mbili. Anayelipwa kwa kukata ana kila sababu ya kukwambia kata. Kwa mti mkubwa wenye dalili za kutia wasiwasi, mlipe kwanza mshauri huru aandike ripoti. Ikibidi ataleta chombo cha kupima uozo ndani ya shina bila kulipasua. Kwa kazi ndogo, fundi mzuri anatosha. Arboricultural Association, chama cha wataalamu wa miti, ina orodha ya mafundi na washauri iliyowahakiki. Omba kuona bima yake ya madhara kwa watu wengine na vyeti vyake vya kutumia msumeno wa injini juu ya mti. Mwambie anukuu kazi kulingana na BS 3998 ya mwaka 2010, kiwango cha Uingereza cha kazi za miti.

Wale wanaobisha hodi baada ya upepo wakisema "mti wako huo ni hatari, tunaweza kuumaliza leo kwa fedha taslimu", wape chai ukitaka, kazi usiwape.

Hatua ya 5: Andika maombi yanayokubalika

Kwa mti wenye TPO kuna fomu rasmi, inayopatikana kupitia Planning Portal (tovuti ya maombi ya vibali) au kaunsili yenyewe, na haina ada. Uamuzi hutakiwa ndani ya wiki 8. Kwa eneo la hifadhi unatuma taarifa tu; baada ya wiki 6, kaunsili isiposema kitu wala kutoa TPO, unaendelea, na una miaka 2 ya kuimaliza kazi uliyoitaja.

Maombi mengi huanguka kwa sababu ya sentensi moja: "Naomba kupunguza mti." Kupunguza nini, upande gani, mita ngapi? Andika hivi: "T1, mwaloni, bustani ya nyuma: kupunguza matawi ya upande wa kusini yanayogusa paa kwa mita 2, yabaki na urefu wa mita 5 kutoka shinani; kuondoa matawi ya chini madogo hadi mita 3 kutoka ardhini." Ambatanisha mchoro unaoonyesha nyumba, mpaka na mti, na picha zenye mshale.

Kisha sababu. Majani kujaza mifereji ya paa, kinyesi cha ndege juu ya gari, kivuli jikoni, dishi kutoshika mawimbi: haya ni kero za kweli, lakini kwa kawaida hayatoshi kuangusha mti. Yanaweza kutosha kwa upogoaji mdogo ukiyaeleza kwa kiasi. Ukidai mti ni mgonjwa au hatari, fomu inataka ushahidi wa mtaalamu. Ukidai unaharibu nyumba, inataka ripoti ya mhandisi pamoja na ya mtaalamu wa miti. Na usiombe kuangusha ukitumaini utapewa kupogoa. Mpigie afisa miti kabla hujatuma. Wengi wao ni watu wanaopenda miti na wanaopenda pia kuulizwa, na dakika kumi za simu huokoa wiki nane.

Kuna sababu nyingine ya kuweka ushahidi ndani ya maombi. Kaunsili ikikataa, na baadaye ukapata hasara iliyotokana na kukataa huko, unaweza kudai fidia ndani ya miezi 12 ya uamuzi kama hasara inafikia pauni 500. Lakini hupimwa kwa kile kilichoweza kutabirika kutokana na ushahidi uliowapa. Ulichokijua ukakaa nacho kimya hakikusaidii.

Hatua ya 6: Pale ambapo huhitaji kusubiri ruhusa

Tawi lililokufa kwenye mti ulio hai unaweza kuliondoa bila kuomba. Mti uliokufa wote unaweza kuuondoa, ila toa taarifa ya maandishi siku 5 za kazi kabla. Penye hatari ya papo kwa papo, kama tawi lililopasuka juu ya njia ya watoto, unafanya kile tu kinachohitajika kuondoa hatari na kuijulisha kaunsili mara uwezapo. Tawi moja kuwa hatari si ruhusa ya kuushusha mti mzima. Mti wa matunda wenye TPO unaweza kupogolewa kwa namna ya kawaida ya kilimo bora, na hii huwashangaza wengi.

Kumbuka mzigo wa kuthibitisha ni wako. Kabla ya kukata piga picha, rekodi video, weka kipande cha shina lililooza kwenye gereji. Mshauri akiandika aya mbili kuthibitisha hatari, umelala salama.

Hatua ya 7: Siku ya kazi

Ruhusa ya TPO haikupi ruhusa ya kuvunja viota. Ndege wanaoatamia wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981, na msimu wao ni takriban Machi hadi Agosti. Popo ni wakali zaidi kisheria: maficho yao yanalindwa hata wakiwa hawamo. Shina lenye matundu, gome lililoachana au mmea mzito unaotambaa juu yake likaguliwe kwanza.

Fundi akatie nje kidogo ya ule uvimbe ulipo kati ya tawi na shina, asiukate uvimbe wenyewe wala kuacha kisiki kirefu. Kidonda kisipakwe rangi wala lami. Mti hujifunga wenyewe. Na kukata kilele chote ukaacha nguzo ni kuuharibu: machipukizi yatakayotoka yameshika juujuu na ndiyo yatakayoanguka miaka kumi baadaye.

Hatua ya 8: Mizizi na nyumba

Sehemu kubwa ya mizizi iko ndani ya mita moja ya juu ya udongo, na husambaa kupita kivuli cha matawi. Kiwango cha BS 5837 cha mwaka 2012 kinatoa kipimo cha eneo la kulinda wakati wa ujenzi: duara kuzunguka shina lenye nusu kipenyo sawa na kipenyo cha shina mara 12, kisizidi mita 15. Mzingo wa sentimita 250 ni kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo nusu kipenyo cha duara ni mita 9.6. Ndani ya duara hilo usirundike mchanga, usiegeshe gari, usichanganye saruji, usipandishe kimo cha udongo. Badala yake tandaza vipande vya mbao kina cha sentimita 5 hadi 10, visiguse shina.

Nyufa ukutani ni suala jingine. Sehemu nyingi za kusini mashariki ya England zimekaa juu ya udongo wa mfinyanzi unaosinyaa unapokauka na kuvimba unapolowa. Mierebi, mipopla na mialoni hunyonya maji mengi kiangazi. Ufa unaopanuka mwishoni mwa kiangazi na kujibana masika una dalili ya mti. Ufa usiobadilika majira yote huenda ni kitu kingine, hasa bomba la maji machafu linalovuja. Weka alama za penseli kila upande wa ufa, pima kila mwezi, andika tarehe. Kisha arifu bima kabla hujamwita fundi yeyote, kwa sababu ukiuondoa mti mkubwa ghafla, udongo unaweza kunywa maji tena, ukavimba na kuinua nyumba.

Hatua ya 9: Jirani

Jirani ana haki ya kukata matawi yanayovuka mpaka, mpaka mwisho wa mstari na si zaidi, lakini mti ukiwa na TPO au uko eneo la hifadhi naye lazima aombe. Mtu yeyote anaweza kuomba kufanya kazi kwenye mti usio wake; kupewa ruhusa hakumpi haki ya kuingia kwako bila idhini. Mwonyeshe jirani maombi yako kabla ya kuyatuma. Kaunsili hupokea maoni ya majirani, na jirani aliyeulizwa mapema huandika barua ya upole.

Hatua ya 10: Ukikataliwa, au mti ukiondoka

Ukikataliwa, una siku 28 za kukata rufaa kwa Planning Inspectorate, ofisi ya serikali inayosikiliza rufaa hizi. Mara nyingi ni rahisi zaidi kusoma sababu za kukataliwa, kupunguza ulichoomba na kutuma upya, kwa kuwa hakuna ada. Ukikubaliwa, ruhusa kwa kawaida hudumu miaka 2. Soma masharti yote kabla ya kumpa fundi tarehe.

Mti wenye TPO ukiondolewa kwa kuwa ulikufa au ulikuwa hatari, kwa kawaida unawajibika kupanda mwingine wa ukubwa na aina inayofaa mahali palepale, mapema iwezekanavyo. Msimu mzuri wa mche usio na udongo mizizini ni Novemba hadi Machi. Chimba shimo pana lisilo na kina kirefu, mahali mizizi inapoanzia pawe usawa wa ardhi, na mwagilia kila wiki kiangazi kwa miaka miwili ya mwanzo. Mche huo nao unalindwa na amri ileile tangu siku unapopandwa.